Je, kushuka mteremko kwa nyutro kunapunguza kweli matumizi ya petroli?

Msafiri wa Jinja: Salaam, wanajukwaa. Ninaendesha Toyota Premio yenye gia otomatiki kati ya Jinja na Kampala. Jirani yangu, dereva wa teksi wa miaka mingi, ananihimiza niweke nyutro, yaani nitoe gia ili injini isiunganishwe na magurudumu, kila ninapoteremka ili niokoe petroli. Je, ushauri huo unafaa kwa magari ya siku hizi?

Fundi wa Njeru: Ndugu, hayo ni mazoea ya enzi za kabureta, kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa. Katika injini ambayo kompyuta ndiyo inayopima petroli, ukiondoa mguu kwenye kanyagio huku gari likiwa kwenye gia na likienda kwa kasi, kompyuta hukata mafuta kabisa, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka nyutro, injini hulazimika kuchoma petroli ili isizime. Isitoshe, unaikosa breki ya injini, yaani injini kulizuia gari lisishike kasi, na katika miteremko mirefu kama ya Kabale breki za miguu zikipata moto hupoteza nguvu. Jirani yako nimwambieje? Aache.

Mkazi wa Mukono: Fundi amesema kweli, ingawa kwenye mteremko mdogo gari lililo kwenye gia hupungua mwendo upesi na ukalazimika kukanyaga mafuta tena, hivyo faida yake ni ndogo. Kwa maoni yangu, petroli ya barabara hiyo huishia nyuma ya malori ya miwa pale Lugazi. Dereva hulisogelea lori hadi anakaribia kuligusa bampa, hukanyaga hadi mwisho ili alipite, kisha hufunga breki papo hapo kwa sababu mbele kuna jingine. Nguvu yote aliyoinunua kwa petroli hugeuka joto la breki. Achia nafasi, uondoe mguu mapema. Kumbuka pia kwamba ukitoka kilomita 80 kwa saa hadi 100, upinzani wa hewa huongezeka kwa zaidi ya nusu.

Msafiri wa Jinja: Nashukuru. Nitajuaje kama mabadiliko yamesaidia?

Fundi wa Njeru: Pima upepo wa matairi kwanza, yakiwa baridi. Kisha jaza tangi mpaka pampu ijizime yenyewe, andika kilomita, na utakaporudi jaza tena katika kituo kilekile. Gawanya kilomita ulizokwenda kwa lita zilizoingia. Usiiamini safari moja, maana foleni ya Bweyogerere peke yake yaweza kuharibu hesabu.