Mrejesho: simbilisi wangu aliyekuwa analia akikojoa

Wakuu, mimi ndo yule niliyeuliza kuhusu simbilisi (guinea pig) jike anayepiga kelele akikojoa na matandiko yana madoa ya pinki. Nilijua ni UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) tu nikasubiri siku mbili, kosa langu hilo. Daktari wa mifugo kampiga eksirei, kumbe kuna kijiwe cha kalsiamu kwenye kibofu, kinaonekana cheupeee. Kapasuliwa, katoka salama, yuko kwenye dawa ya maumivu na antibayotiki (sio penisilini ya kunywa jamani, hiyo inawaharibu utumbo mpaka wanakufa). Majani ya luseni (alfalfa) nimepiga stop, kalsiamu yake iko juu, sasa hivi ni nyasi kavu za kawaida na mboga mbichi nazilowesha maji. Jana kakojoa kimyaa, nikafuta na tishu nyeupe, hamna pinki.