Tuko Bogotá na binti yetu mpya, Jumapili tumpeleke wapi?

Mama T: Habari wapendwa, tuko Kolombia wiki ya pili tunasubiri hukumu ya mahakama ya kuasili, binti ana miaka 5, bado ananishika kidole kimoja tu hataki mkono mzima. Tupande mlima Monserrate?

Baba Wawili: Hongera dada! Monserrate ni mita 3,152, mtaumwa kichwa kwa urefu huo, na Jumapili foleni ndefu mno. Nendeni Ciclovía, barabara kubwa zinafungwa magari saa 1 asubuhi mpaka saa 8 mchana, wanabaki wa baiskeli, watembea kwa miguu na wauza matunda, atembee mwendo wake.

Shangazi: Masaa mawili yanatosha mdogo wangu, wetu alichoka akalia mpaka usiku.

Mama T: Tumerudi! Kala embe la chumvi na ndimu, kwenye kuvuka kanipa mkono wote. Nimelia jamani.