Gari likijiendesha likaua mtu njia ya Malindi, nani atalala selo? (Mjadala)

Dere wa Malindi:

Salaam aleikum jamani. Naleta hii kwa sababu pale steji tumebishana tangu adhuhuri na hatujaelewana. Kijana mmoja alituonyesha video za zile teksi za kujiendesha za kampuni ya Waymo huko San Francisco, Marekani, kiti cha dereva kitupu, abiria kakaa nyuma anachezea simu, usukani unazunguka wenyewe. Basi wengine wakasema hizi zikifika huku sisi kazi kwisha, wengine wakasema huku hazifiki ng'o. Mimi nina langu na nataka mnipinge kwa hoja. Kinachonitia wasiwasi ni lawama. Mashine itaendesha, mambo yakiharibika atatafutwa dereva.

Angalieni kesi ya Tempe, Arizona, Machi 2018. Gari la majaribio la Uber lilimgonga Elaine Herzberg akivuka barabara usiku anasukuma baiskeli, akafa. Wachunguzi wakakuta mashine ilimwona zaidi ya sekunde 5 kabla, lakini mara ikamhesabu gari, mara kitu tu, mara baiskeli, na kila ikibadilisha inaanza upya kukisia anaelekea wapi. Gari lenyewe ni Volvo, lilikuja na breki yake ya dharura kutoka kiwandani, na hio breki ilikuwa imezimwa kila kompyuta inaposhika usukani. Sasa mwisho wake? Mwendesha mashtaka akasema kampuni haina jinai. Dereva wa akiba aliyekuwa ndani kuiangalia mashine akashtakiwa 2020, na 2023 akakubali kosa akapewa miaka 3 ya uangalizi. Alikuwa anaangalia simu, simtetei hata kidogo, lakini aliyezima breki mbona hakusimama kizimbani?

Sasa ilete hio huku kwetu. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura 403, kifungu cha 46, ukisababisha kifo kwa kuendesha vibaya ni kifungo hadi miaka 10, na hapo anayezungumziwa ni mtu anayeendesha. Wewe kaambie hakimu "ilikuwa kompyuta" uone.

Halafu barabara zetu zina lugha yake. Toka Gongoni usiku uje Malindi, lori limekufa katikati ya njia, halina taa, halina ile pembe tatu nyekundu, dereva wake kakata matawi kayapanga kwenye lami kuanzia mbali huko nyuma. Mi nikiona tawi la kwanza mguu ushatoka kwenye mafuta, la pili nishajua limekaa upande gani, la tatu nishaanza kuchungulia anayekuja mbele kama nina nafasi ya kulizunguka. Kamera ya California itaona majani. Au uko nyuma ya trela, anawasha indiketa ya kulia na hakuna pa kuingia kulia, anakwambia kaa hapohapo kuna kitu kinakuja, akiwasha ya kushoto ndio pita. Hio haiko kwenye kitabu chochote cha shule ya udereva na imeokoa watu wengi sana. Sijagusa tuktuk za bila taa wala punda.

Na msidhani ni ushamba wetu. Marekani kwenyewe chama cha waendesha magari, AAA, kiliuliza watu 2025, kama 6 kati ya 10 wakasema gari la kujiendesha wanaliogopa.

Mama wa Mambrui:

Kaka yangu nimekusoma mpaka mwisho na hayo ya matawi ni kweli tupu, lakini na mimi nisikilize, mimi abiria. Watu zaidi ya 4,000 wanakufa barabarani Kenya kila mwaka, na hao hakuuawa hata mmoja na teksi ya San Francisco. Wameuawa na mwendo, na kuovateki kwenye kona, na usingizi. Mimi nimekaa kiti cha mbele usiku kutoka Mombasa, dereva muguka, yale majani ya kutafuna, umemjaa shavu, tumepita Kilifi muguka umemwisha nguvu, kichwa kinaenda chini kinarudi, kinaenda chini kinarudi, ikabidi nimsemeshe njia nzima, nikimuuliza habari za watoto wake mpaka majina nikayajua yote. Hio lugha ya barabara unayoisifu, mtu aliyelala anaisoma vipi?

Mashine haisinzii. Kampuni ya bima ya Swiss Re ilitazama maili milioni 25.3 za magari ya Waymo, matokeo yakatoka Desemba 2024, madai ya watu kuumia yako chini kwa asilimia 92 ukilinganisha na sisi binadamu. Kweli ile ni Marekani na mistari yao imechorwa vizuri. Lakini ukiniambia tusubiri mpaka hakimu ajue atamfunga nani ndio tuokoe watu, hapo kaka sikubaliani nawe. Aliyekufa hajali nani kafungwa.

Fundi Maweni:

Nyote mnazungumzia Marekani na vitu vyenyewe viko hapa nyuma ya gereji yangu. Hizi gari tunazoleta kutoka Japani, mwisho miaka 8, nyingi zina kamera pale juu ya kioo cha mbele nyuma ya kile kioo cha kuangalia nyuma. Subaru mtambo wao wanauita EyeSight, Toyota wanauita Safety Sense tangu 2015, hata Fielder unao. Inapiga kelele ukitoka kwenye mstari, na ikiona unakaribia kugonga inashika breki yenyewe. Wenye gari wengi hawajui, wanaona taa ya rangi ya machungwa kwenye dashibodi na maandishi ya Kijapani, wanasema "fundi nizimie hii".

Sasa sikieni tatizo. Kioo cha mbele kikipasuka, na njia ya Lamu mawe unayajua, unawekewa kingine. Ile kamera ikishatolewa lazima ipimwe upya kwa mashine na vibao maalum, ikipinda kidogo tu inaangalia sipo. Huku kioo kinapigwa gundi, kamera inarudishwa kwa macho, mteja analipa anaondoka. Gari linaweza kufunga breki mahali hakuna kitu, au likose kufunga penye mtu.

Kijana wa Barani:

Mmesahau mkate. Tuktuk Malindi zimelisha nyumba ngapi? Waje na magari yao wawalipe kwanza hao.

Dere wa Malindi:

Kijana, hilo ni kubwa na lataka mjadala wake, tena naomba uufungue wewe.

Mama yangu wa Mambrui, dereva anayesinzia ashushwe, na tajiri anayempangia kwenda na kurudi usiku huohuo bila kulala ashushwe naye, huyo hatajwi kabisa. Breki ya dharura naikubali, iwekwe kwenye kila matatu hata kesho, na isizimike kwa swichi. Usingizi wa dakika moja pale kabla ya daraja la Sabaki ni jeneza, najua.

Ila kuhusu zile takwimu kuna kitu, taarifa za gari anazishika mwenye gari. Oktoba 2023 gari la kujiendesha la kampuni ya Cruise huko San Francisco lilimburuta mwanamke kama mita 6 baada ya gari la mtu kumrushia mbele yake. California ikawasimamishia kibali, na mojawapo ya sababu ni kwamba kampuni ilipotosha taarifa za usalama wa magari yake. Serikali kubwa kama ile, na bado video ilikuwa mkononi mwa mwenye gari. Mimi dereva wa Malindi nikisema "sikukanyaga mafuta, gari lilijiendea", nani atanipa hio video? Huyo huyo tajiri? Kampuni iliyo Japani?

Ndio maana nasema rekodi kwanza. Gari lolote la abiria lenye breki au usukani wa kompyuta, ajali ikitokea, rekodi ifunguliwe mbele ya polisi, dereva na familia ya aliyeumia, siku hiyo hiyo, kabla mtu hajaandika taarifa. Na hili la Fundi liingie kwenye ukaguzi wa kila mwaka, wanapopima breki na taa wapime na kamera. Wakifanya hivyo mi nitakaa kwenye hilo gari na nitawaambia wenzangu wakae.

Fundi, hebu tuambie, vile vibao vya kupimia kamera mtu akitaka kuvileta Malindi vinapatikana wapi na ni bei gani? Kwenye SACCO tunaweza kuchanga.