jQuery, JavaScript tupu au React: mfumo wa SACCO wa 2012 tuupeleke wapi?

FundiArua
Habari zenu. Nimekabidhiwa mfumo wa SACCO moja hapa Arua, ulioandikwa 2012 kwa PHP (lugha ya upande wa seva) na jQuery 1.7.2, maktaba ya msimbo wa JavaScript. Una fomu ya kujiunga, ya mikopo na ya marejesho, basi. Karani anautumia ofisini, wanachama wanaangalia salio kwa simu. Kijana ninayefanya naye kazi anataka tuandike upya kwa React, maktaba nyingine ya JavaScript. Mimi natamani JavaScript tupu, bila maktaba yoyote. Mwenyekiti anauliza kwa nini tukiguse kitu kinachofanya kazi. Mnashauri nini?

MzeeWaNtinda
Ndugu yangu, wengi wanaoidharau jQuery hawakuonja kivinjari cha Internet Explorer (IE) 6. John Resig alipoitoa 2006, hata kubofya kitufe kulikuwa na lugha mbili: vivinjari vingine vilitaka addEventListener, IE ikataka attachEvent. Unaandika mara mbili, unakwenda kafe ya intaneti kujaribu kwenye mashine nyingine, unakuta menyu imepotea. jQuery ilitubebea mzigo huo wote. Maktaba nyingine kama Prototype na MooTools zilikuwepo, ila hii aliyejua CSS, lugha ya kupamba kurasa, aliishika siku hiyohiyo: `.kitufe` ya kwenye CSS unaiita `$('.kitufe')`. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa niliifanya nayo.

DadaWaJinja
Mzee, nakubali, lakini kazi ile sasa vivinjari vinaifanya vyenyewe. Vina querySelectorAll ya kutafuta vitu kwenye ukurasa, classList ya kubadilisha mitindo yake, na fetch ya kuwasiliana na seva. GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, waliiondoa jQuery 2018, Bootstrap 5, kifurushi cha mitindo ya kurasa, ikaiacha 2021, na Microsoft wakaistaafisha IE Juni 2022. React, iliyotoka 2013, ilileta fikra nyingine kabisa: unabadilisha data, ukurasa unajipanga upya. Inafaa skrini yenye mambo mengi yanayotegemeana. Kwa fomu tatu, ni kuchinja ng'ombe kwa mgeni mmoja.

BodaCoder
Na bando la wanachama je? jQuery si nzito?

DadaWaJinja
jQuery 3 ikibanwa ni kama kilobaiti 30, na simu huihifadhi. Picha moja ya nembo isiyopunguzwa inaishinda. Usiiondoe kwa sababu hiyo.

MtuWaGulu
FundiArua, mimi nilihamia JavaScript tupu kwa haraka na nikaumia. Nilibadilisha `$.ajax`, amri ya jQuery ya kuwasiliana na seva, kuwa fetch mahali pa kupokea marejesho. Seva ikawa inarudisha kosa la 500 (hitilafu ya ndani ya seva), lakini fetch hailihesabu kuwa imeshindwa; kwake jibu limefika, yatosha. Karani akaona "Imehifadhiwa" kwa rangi ya kijani, na hela haikuandikwa popote. Tuligundua siku ya tatu, mama mmoja alipokuja na risiti yake mkononi. Kila fetch iwekee:

`if (!jibu.ok) throw new Error(jibu.status);`

jQuery ilikuwa inatufanyia hivyo kimyakimya.

MzeeWaNtinda
Mwambie mwenyekiti kwamba hatari iko kwenye hiyo 1.7.2. Toleo la 3.5.0 la 2020 liliziba mianya iliyoruhusu maandishi ya mtu mwenye nia mbaya kugeuka msimbo yakipita kwenye `.html()`, amri ya kuweka maandishi kwenye ukurasa. Lakini usiruke moja kwa moja. `.live()`, amri ya kuunganisha kitufe na kazi yake, iliondolewa kwenye toleo la 1.9, kwa hiyo vitufe vitanyamaza bila wewe kujua. Panda kwanza hadi 1.12 ukiwa na jQuery Migrate 1, nyongeza inayoonya kuhusu amri za zamani, soma maonyo kwenye konsoli ya kivinjari, rekebisha, ndipo uende 3 na Migrate yake. WordPress, mfumo wa kutengeneza tovuti, nao bado wanaibeba jQuery, kwa hiyo ujuzi huo hautapotea bure.

FundiArua
Asanteni sana. Nimetafuta sasa hivi: `.live(` ipo mahali 41, nyingi kwenye fomu ya marejesho. Basi tunapanda hadi 3, na ukurasa wa salio nitauandika kwa JavaScript tupu kwa kuwa hauandiki kitu kwenye hifadhidata. Kijana nimemwambia React tutaitumia kwenye mradi mwingine. Tunaanza Jumamosi ofisi ikifungwa, na karani amekubali kukaa nasi abofye kila kitufe kwa mkono wake.