Kutembea kutwa nzima Uingereza bila gari: Seven Sisters, Surrey Hills au Long Mynd?

Mtembezi_Ilford
Wakuu salaam. Tuko sita, watano tunakaa London na mmoja Birmingham. Jumamosi moja ya katikati ya Juni tunataka kutembea kutwa, matembezi ya kutoa jasho kweli. Gari hatuna, kwa hiyo lazima tuanzie na kumalizia stesheni. Nimebaki na tatu:

1. Seaford hadi Eastbourne kupitia Seven Sisters, vile vilima vya chokaa vya ukingoni mwa bahari, kilomita 22 hivi.
2. Surrey: Box Hill, kisha Leith Hill, kumalizia Dorking.
3. Church Stretton kule Shropshire: Caer Caradoc na Long Mynd kwa siku moja.

Wawili kati yetu wameshapanda Kilimanjaro na wanaona Beachy Head, sehemu ya juu kabisa ya njia ya kwanza, yenye mita 162, haiwezi kuwachosha. Wenye uzoefu mnasemaje?

Bibi_wa_Pwani
Karibu sana. Waambie hao wawili wasitazame urefu wa kilele, wajumlishe miinuko. Haven Brow, ambacho ndicho kirefu kuliko vyote kwenye Seven Sisters, kina mita 77 tu. Lakini ukikimaliza unateremka hadi bondeni, unapanda cha pili, unateremka tena, na mwendo ni huo hadi Birling Gap. Hapo Beachy Head bado inakusubiri mbele. Ukijumlisha kutwa nzima umepanda zaidi ya mita 500, na miteremko ile ya majani mafupi huuma magoti kuliko kupanda.

Anzieni Seaford, msianzie Eastbourne. Upepo wa kule mara nyingi hutoka kusini-magharibi, mtakuwa nao mgongoni. Jambo lingine: mto Cuckmere hauvukiki pale unapoingia baharini. Inabidi muufuate kwenda bara hadi daraja la Exceat, kisha mrudi baharini kwa ng'ambo ya pili. Watu wengi huangalia ramani ya simu, wakaona ufuo uko karibu, wakasahau mzunguko huo.

Kijana_Leicester
Mimi napigia kura Long Mynd kwa moyo wote. Kilele chake, Pole Bank, kina mita 516, na Caer Caradoc upande wa pili wa bonde ina mita 459. Mji wa Church Stretton uko katikati, kwa hiyo unapanda mlima mmoja asubuhi, unashuka mjini kununua chakula, unapanda wa pili mchana. Ule upande wa Caradoc umesimama kweli, kuna mahali mkono unagusa majani mbele yako. Juu kabisa kuna mabaki ya ngome ya Enzi ya Chuma, unaona matuta yake kwa macho. Kurudi, shukeni na Ashes Hollow, kijito kinapita miguuni na unakivuka tena na tena juu ya mawe.

Mvae suruali ndefu. Kwenye magugu kuna kupe, na wengine hubeba ugonjwa wa Lyme. Mkifika nyumbani mjikague vizuri, hasa nyuma ya magoti.

Mama_Reading
Mdogo wangu, mlima wako ni mzuri sana, lakini piga hesabu ya treni. Kutoka London hadi Church Stretton ni kama saa tatu, na kurudi vilevile. Saa sita za kukaa kwenye kiti kwa matembezi ya kilomita 17 hivi.

Hebu tutumie kanuni ya Naismith, yule Mskoti aliyeitoa mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda. Seaford–Eastbourne inatoka saa tano na robo. Caradoc na Long Mynd, yenye mita 600 hivi za kupanda, haifiki saa nne na nusu. Hizo ni saa za kutembea bila kusimama. Kwa kundi la watu sita, pamoja na chakula, picha na Adhuhuri kwa wanaosali, mimi huongeza theluthi nzima.

Kuhusu Surrey, ile ni nzuri kwa mazoezi ya mwezi Mei. Unavuka mto Mole juu ya mawe, unapanda Box Hill mita 224, halafu Leith Hill mita 294 ambako kuna mnara wa karne ya 18. Aliyeujenga, Richard Hull, amezikwa chini yake. Ila sehemu kubwa ni msituni, na mvua ikinyesha udongo ule wa mfinyanzi unakamata viatu.

Kijana_Leicester
Mama, kwenye treni nakubali. Ila Naismith hahesabu ukali wa mwinuko. Mita 270 za Caradoc kwa mkupuo mmoja si sawa na mita 270 zilizogawanywa kwenye vilima vidogo.

Mama_Reading
Hapo una haki kabisa. Ndiyo maana nasema Shropshire iende na kulala usiku mmoja.

Fundi_Leeds
Kama hao wawili bado wanataka kujipima, Yorkshire Three Peaks ipo: Pen-y-ghent, Whernside na Ingleborough, karibu kilomita 39, na desturi ni kumaliza ndani ya saa 12. Kwa kundi lenye watu wa viwango tofauti siishauri. Mmoja akiishiwa nguvu Whernside, siku ya wote imeisha. Seaford–Eastbourne ina njia za kutokea: pale Exceat linapita basi namba 12 la Brighton–Eastbourne.

Mtembezi_Ilford
Nashukuru mno. Naona Seven Sisters inaongoza. Nina mmoja anayependa sana picha za ukingoni, na hilo linanitia hofu.

Bibi_wa_Pwani
Hofu yako ni ya kweli, na mwambie mapema, kabla hamjapanda treni. Ule mwamba ni chokaa laini, huporomoka bila taarifa, na majani ya ukingoni mara nyingine yananing'inia hewani bila kitu chini. Mtakapopita Belle Tout, mnara wa taa wa zamani, mwonyeshe: mwaka 1999 jengo zima lilisukumwa mita 17 kuelekea bara kwa sababu bahari ilikuwa inaufikia msingi. Picha nzuri kuliko zote hupigwa kutoka Seaford Head, kwenye nyumba ndogo za walinzi wa pwani, na pale mnasimama mbali kabisa na ukingo. Ufukweni nako msikae chini ya mwamba.

Maji jazeni Exceat. Kutoka hapo hadi Birling Gap hakuna kivuli wala bomba, na jua la Juni juu ya chokaa nyeupe huunguza hata sisi weusi. Kofia na mafuta ya jua muhimu.

Mtembezi_Ilford
Basi tumekubaliana. Treni ya asubuhi kutoka Victoria, tunabadilisha Lewes, saa tatu na nusu tuwe Seaford. Wa Birmingham atalala kwangu Ijumaa. Ramani ya karatasi nachukua ipi?

Mama_Reading
OS Explorer OL25, yenye jalada la rangi ya chungwa. Jioni jua linazama baada ya saa tatu usiku, na kutoka Eastbourne treni ya Victoria ni saa moja na nusu hivi, kwa hiyo msikimbizane. Long Mynd wekeni Agosti, maua ya zambarau yakiwa yamefunika mlima mzima. Kijana, utawaongoza?

Kijana_Leicester
Nitawaongoza. Nitumieni tarehe tu.