GnRH huchochea uzazi, mbona ikitolewa mfululizo inauzima?

Chembehai:
Habari wadau. Nasoma fiziolojia ya uzazi na nimekwama mahali pawili. Haipothalamasi (sehemu ya ubongo) hutoa homoni ya GnRH, nayo huiamsha pituitari (tezi ndogo chini ya ubongo) itoe LH na FSH, homoni zinazoamsha ovari na korodani. Sasa mbona dawa zinazofanana na GnRH hutumika kushusha testosteroni kwa wenye saratani ya tezi dume? Halafu estrojeni huizuia LH siku nyingi, kisha yai linapokaribia kutoka, estrojeni hiyohiyo ndiyo inayoipandisha. Kinachobadilika ni nini?

Maabara Kwanza:
Nianze na la kwanza, maana ndilo msingi wa yote. Haipothalamasi haimwagi GnRH muda wote, huiachia kwa mapigo. Kwa mwanamke ambaye yai lake linakaribia kupevuka, ni takriban kila dakika 60 hadi 90. Homoni yenyewe huvunjwa ndani ya dakika chache, kwa hiyo kati ya pigo na pigo pituitari hupumzika.

Miaka ya 1970 Ernst Knobil na wenzake walitumia kima aina ya rhesus ambao haipothalamasi yao ilikuwa imeharibiwa, wakawapa GnRH kutoka nje. Pigo moja kwa saa lilirudisha LH na FSH. Ilipotiririshwa bila kukatika, zote mbili zilianguka. Seli za pituitari zikichochewa mfululizo hupunguza vipokezi vya GnRH (sehemu za seli zinazoipokea homoni hiyo), na hata vilivyobaki havipelekei ujumbe ndani ya seli kama kawaida.

Zile dawa ulizouliza, kama leuprolide, hudumu mwilini kuliko GnRH ya asili, hivyo pituitari haipati nafasi ya kupumzika. Ila angalia sana siku za mwanzo: huchochea kabla ya kuzima. Testosteroni hupanda kwanza, ndipo hushuka kabisa baada ya wiki 2 hadi 4 hivi. Ikiwa saratani imeshafika kwenye mifupa ya mgongo, kupanda huko kunaweza kuukuza uvimbe ukabana uti wa mgongo na mgonjwa akapooza. Ndiyo maana hutangulizwa dawa ya kuzuia androjeni (homoni za kiume kama testosteroni), au huchaguliwa degarelix, ambayo huziba kipokezi bila kukichochea.

TeziKuu:
Naongezea: kasi ya mapigo nayo ni ujumbe. Mapigo ya haraka hupendelea LH, ya polepole hupendelea FSH. Baada ya yai kutoka, projesteroni huyapunguza mpaka kila saa 3 au 4.

Swali la pili. Kinachobadilika ni kiwango cha estrojeni na muda inaokaa juu. Estradioli (estrojeni kuu) ikiwa ya chini au ya kati, huzuia. Ikifika takriban pikogramu 200 kwa mililita na kudumu hapo kama siku mbili, mwitikio hugeuka: pituitari huwa nyepesi zaidi kuitikia GnRH na LH hulipuka. Yai hutoka saa 34 hadi 36 hivi tangu LH ianze kupanda. Folikali (kifuko kinachobeba yai) ikidhoofu mapema, estradioli haidumu juu kwa muda huo, na yai halitoki.

Neva za GnRH hazina kipokezi cha estrojeni cha aina ya alfa, kwa hiyo ujumbe hupitia neva za kispeptini, kemikali ya ubongo inayoamsha neva za GnRH. Mwaka 2003 ilibainika kwamba watu wenye hitilafu kwenye kipokezi cha kispeptini hawabalehe.

Chembehai:
Asanteni sana wakuu. Je, hedhi ikikatika, majibu ya damu yananionyesha vipi tatizo liko wapi?

Maabara Kwanza:
Ondoa ujauzito kwanza, kila mara. Estradioli chini na FSH juu: ovari zimechoka, ubongo unapiga kelele bila kujibiwa. Estradioli chini, FSH na LH nazo chini au za kawaida tu: tatizo liko juu. Hapo pima prolaktini (homoni ya maziwa) na TSH (homoni inayoamsha tezi ya thairoidi shingoni), kisha uliza kuhusu kupungua uzito, mazoezi makali na msongo. Nishati ikipungua leptini (homoni ya mafuta ya mwili) hushuka, na mapigo ya GnRH hupungua. Prolaktini nayo huzima kispeptini.

TeziKuu:
Kwa wanaume, kosa linaloonekana sana ni kujidunga testosteroni ili kuongeza uzazi. Ubongo huona testosteroni ipo tele, hukata LH na FSH, na testosteroni ndani ya korodani huporomoka ingawa ya kwenye damu iko juu. Mbegu hupungua, wakati mwingine hadi sifuri. Ukiacha, kurudi hali ya kawaida huchukua miezi, kwani kutengeneza mbegu huchukua takriban siku 74, bado muda wa kupita kwenye epididimisi, mrija ambamo mbegu hukomaa.