TET2 imegoma kwenye DNA ya majani ya mikarafuu, tatizo liko wapi?

Mwanamaabara_Chake
Assalaam alaykum wajuzi. Napima umetilishaji (herufi C za DNA zilizobandikwa metili) wa DNA ya majani ya mikarafuu ya Pemba kwa vimeng'enya badala ya kemikali ya bisulfaiti: TET2 kwanza, inayooksidisha C yenye metili, kisha APOBEC, inayogeuza C isiyolindwa isomeke T. DNA nanogramu 100. Baada ya kuunga adapta nimesafisha kwa shanga za sumaku na kuitoa kwenye TE, bafa ya kuhifadhia DNA, yenye EDTA (kemikali inayokamata metali) milimola 0.1. Vidhibiti vilitiwa mwanzo kabisa: lambda (DNA ya kirusi cha bakteria) isiyo na metili imesomeka asilimia 0.4 ya metili, lakini plasmidi ya pUC19 iliyotiwa metili kwenye CpG (C inayofuatwa na G) imesomeka 23 tu, nami nategemea 95 kwenda juu. Kwa vipimo vya usafi kwa mwanga, DNA ghafi ilikuwa na 260/280 ya 1.83 na 260/230 ya 0.9. Niongeze APOBEC?
La pili: kipimo cha kingamwili kinaonyesha 5hmC (C yenye metili iliyooksidishwa hatua ya kwanza) kidogo kwenye majani hayo. Kwani mkarafuu una TET yake?

Pipeti_Kavu
Waalaykum salaam. APOBEC usiiguse. Lambda imegeuka karibu yote, kwa hiyo hiyo imetimiza kazi yake, tena imepitiliza hadi kwa wasiostahili. TET hapa ni mlinzi: inaipeleka 5mC (C yenye metili) hatua kwa hatua kuwa 5hmC, 5fC, hadi 5caC, ambayo APOBEC haiwezi kuila. 5mC isiyolindwa inageuzwa na kusomeka T, kama vile haikuwa na metili. Hiyo ndiyo 23 yako.

TET haitembei bila chuma(II), alfa-ketoglutareti na oksijeni. Sasa piga hesabu: mikrolita 28 za TE yako ndani ya mmenyuko wa mikrolita 50 ni EDTA mikromola 56. Chuma unachotia, mikrolita 5 za milimola 0.4, ni mikromola 40. EDTA imekizidi chuma. Rudia usafishaji wa shanga, utoe kwa Tris milimola 10, pH 8.0, bila EDTA.

Mgeni_wa_Mtoni
Si aongeze chuma tu mara tatu? Ataokoa siku nzima ya kazi.

Pipeti_Kavu
Hapana ndugu yangu. Chuma(II) kikizidi, pamoja na vitamini C iliyomo kwenye bafa na oksijeni ya hewa, kinazaa radikali zinazokatakata DNA. Utapata maktaba (mkusanyo wa vipande vya DNA vya kusomwa) yenye vipande vifupi vifupi. Vitamini C imewekwa ili kukirudisha chuma(III) kuwa chuma(II), haikuwekwa kupambana na EDTA.

Na hapo kwenye chuma ndipo wengi wanapoharibu. Akiba ya milimola 500 inazimuliwa mikrolita 1 kwa maji 1,249, na inatumika papo hapo. Ikishakuwa ya njano au kahawia, imeshaoksidika, mwaga. Usiizimue asubuhi ukaiacha mezani mpaka umeme urudi. Itie mwisho, baada ya kimeng'enya, changanya vizuri, nyuzi 37 kwa saa moja.

Majani_na_Mizizi
Msiisahau hiyo 260/230 ya 0.9. Majani ya karafuu yana tanini na polifenoli tele, na hizo nazo hukamata chuma. Umenyapo ndizi mbichi kwa kisu cha chuma, kisu huwa cheusi: ni jambo hilo hilo. Shanga husafisha sehemu tu, kwa sababu polifenoli iliyooksidika huganda kwenye DNA yenyewe, na 260/280 nzuri haikwambii kitu juu yake.

Kabla hujarudia yote, endesha tyubu tatu: pUC19 peke yake kwenye Tris, pUC19 pamoja na DNA ya majani iliyosafishwa upya, na pUC19 pamoja na DNA hiyo nusu ya kiasi. Huna haja ya kusoma jenomu nzima. Kuza kipande cha herufi 200 hivi cha pUC19, kisomwe kwa Sanger (njia ya kusoma kipande kimoja kimoja cha DNA), uangalie vilele vya C na T kwenye CpG. Ya kwanza ikiwa safi na ya pili mbovu, mchawi ni DNA ya majani. Hapo rudi kwenye uchimbaji: majani machanga, CTAB (sabuni ya kuchimbia DNA ya mimea) yenye PVP asilimia 2, inayonasa polifenoli, na beta-mekaptoethanoli, inayozuia zisioksidike, klorofomu mara mbili. Unga ukiwa kahawia ndani ya CTAB, umeshachelewa.

Juu ya swali la pili: mimea haina TET. Mnyama huoksidisha 5mC, kisha kimeng'enya cha TDG huzing'oa 5fC na 5caC, na ukarabati wa DNA hurudisha C tupu. Mmea hauna mzunguko huo. Vimeng'enya vya jamii ya ROS1 na DME, vilivyochunguzwa sana kwenye Arabidopsis, huing'oa 5mC yenyewe moja kwa moja. 5hmC ya kingamwili yako naichukulia kuwa kelele. Weka lambda kwenye kipimo kile kile, nayo itakupa "kidogo" hicho hicho.

Jengine: mimea ina metili kwenye CHG na CHH pia (H ni A, C au T), hivyo usikadirie ugeuzaji kwa CHH za kiini. Tumia lambda na jenomu ya kloroplasti, ambayo kwenye majani unayo ya kumwaga.

Mwanamaabara_Chake
Nimefahamu. Na kwa damu ya ng'ombe, njia hii itanitenganishia 5mC na 5hmC?

Pipeti_Kavu
Haitatenganisha, zote mbili zinalindwa na kusomeka C. Bisulfaiti ya kawaida nayo ni vivyo hivyo. Kutenganisha kunahitaji potasiamu peruthenati kabla ya bisulfaiti, inayoigeuza 5hmC kuwa 5fC isomeke T. Au uifunike 5hmC kwa glukosi, uoksidishe 5mC kwa TET, kisha bisulfaiti: kinachobaki C ni 5hmC. Ila damu ina 5hmC chache mno ukilinganisha na ubongo, kwa hiyo jiandae kusoma kwa kina kirefu.

Mwanamaabara_Chake
Ahsanteni. Naanza na tyubu tatu.